Debe la Ndizi

Konokono walikufa kwanza, lakini nani anahesabu konokono? Jumatano asubuhi Athumani aliwakuta wanne juu ya changarawe, chini kabisa ya tangi la kioo, akawatoa kwa kijiko na kuwatupa nyuma ya banda la kuni. Hakumwambia mtu. Jumamosi akakuta samaki watatu wanaelea, matumbo juu. Hapo nyumba nzima ikajua.

Tangi lilikuwa sebuleni kwa Jitendra, mwenye duka la majembe, misumari na dawa za kahawa katika mtaa wa Wahindi pale Arusha. Lilikuwa limekaa miaka minne bila msiba. Samaki kumi na wanane wekundu walikuja kutoka Nairobi, na wageni walionyweshwa chai katika nyumba ile walikunywa wakiwatazama wao, si wenyeji. Karani mmoja Mzungu wa ofisi ya wilaya aliwahi kumleta mkewe kuwaona. Jitendra aliwakumbusha watu siku ile kila alipopata nafasi.

"Athumani! Umewapa nini?"

"Chakula chao, Bwana. Kijiko kimoja, kama siku zote."

"Kijiko gani?"

"Kilekile."

"Umeosha tangi na sabuni?"

"Miaka minne sijatia sabuni, Bwana, nitie leo?"

"Usinijibu kwa swali."

Kalpana, mke wa Jitendra, alisimama mlangoni ameziba pua na ncha ya sari, ingawa samaki hawajaanza kunuka. Alisema labda ni joto. Jitendra akasema Arusha mwezi wa saba hakuna joto. Kalpana akasema labda ni jicho la watu. Jitendra akamtazama tu. Barazani mama yake Jitendra, ambaye watu wote, hata watumishi, walimwita Ba, alikuwa kwenye bembea yake akila ndizi mbivu. Ba alikuwa na miaka ishirini Arusha na maneno kumi hivi ya Kiswahili, na mengi ya hayo kumi yalikuwa majina ya mboga.

"Maji yamechafuka," Jitendra akaamua. "Badilisha. Usingoje Jumanne. Kesho toa madebe manne, tia manne."

Athumani akatoa manne, akatia manne. Jumatatu wakafa watano.

*

Maji ya tangi hayakutoka bombani. Samaki walizoeshwa maji ya mto Themi tangu walipofika, na Jitendra aliamini kwamba maji ya bomba yangewaua. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa Athumani alipanda juu ya mji na debe lake, debe la mafuta ya taa lililokatwa mdomo na kupigiliwa kijiti cha kushikia, akateka mara mbili. Debe lile halikuruhusiwa kuvuka kizingiti cha jikoni. Athumani naye hakuruhusiwa. Maji ya kunywa Kalpana alikinga mwenyewe, kwa mitungi yake mwenyewe, na Athumani akipita karibu na mitungi ile aliambiwa apite mbali.

Jumatatu hiyo saa nne, Kulwant, Kalasinga mwenye gereji ya jirani, alikuja kutazama wafu. Walikuwa wamelazwa kwenye gazeti, watano, wakubwa kuliko wote. Aliinama, akanyooka, akajifuta mikono ingawa hakugusa kitu.

"Hii ni kazi ya boi," akasema. "Boi akichoka na wewe hasemi. Anasema na vitu vyako. Mimi boi wangu alitia sukari kwenye petroli. Miaka minane alikuwa anasema ndiyo Bwana, ndiyo Bwana. Siku moja, sukari."

Athumani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ameshika beseni.

"Athumani ni mtu mzuri," Jitendra akasema, lakini alisema kama anauliza.

"Wangu pia alikuwa mzuri. Mpaka ile sukari."

Kulwant akaenda zake. Jitendra akaenda dukani, akarudi saa sita na karatasi. Hakuketi.

"Hii ni barua yako ya kazi. Nimeandika yote, bado tarehe. Mpaka Ijumaa, kama hujaniambia samaki yangu imekula nini, natia tarehe, na chumba unaniachia."

"Inasema nini, Bwana?"

"Inasema kweli. Kwamba umefanya kazi miaka sita, hujaiba. Kwamba samaki ilikufa kwa sumu mikononi mwako."

"Umeandika sumu?"

"Niandike nini? Homa?"

Athumani alikuwa na barua nyingine tatu ndani ya kopo la biskuti, za mabwana watatu, na zote zilisema ni mtu mwaminifu. Kwa barua zile tatu angeweza kugonga mlango wowote mjini. Kwa hii ya nne asingegonga hata mmoja. Mtumishi mvivu hupata kazi. Mlevi hupata. Hata mwizi hupata, kwa bwana asiyeuliza sana. Lakini nani atampa mtu wa sumu amshikie mtoto, amfulie, amtelekee chai?

*

Chiku, mkewe, alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chao kule uani, anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Tuondoke kesho," akasema. "Kabla hajatia tarehe."

"Bila barua?"

"Barua ya sumu ni barua?"

"Nikiondoka kabla, nimekiri."

"Na ukikaa mpaka Ijumaa utakuwa umefukuzwa. Chagua." Akatupa chuya kwa kuku. "Mtu mzima unalia samaki wasioliwa. Ningekuwa mimi ningewakaanga siku ya kwanza."

"Silii samaki."

"Najua unachokililia."

Athumani akakaa kwenye kibao, akaanza kuhesabu vidoleni. Jumanne maji, Jumatano konokono. Ijumaa maji, Jumamosi samaki watatu. Jumapili maji, tena mara mbili ya siku zote, Jumatatu watano.

"Wanakufa kesho yake," akasema.

"Kesho ya nini?"

"Ya maji. Kila nikileta maji, kesho yake wanakufa. Na nikileta mengi wanakufa wengi."

Chiku akaacha kuchambua. "Basi mto una kitu."

"Mto gani? Pale ninapoteka ng'ombe wanakunywa. Mawe yote yamejaa konokono. Wangekuwa wamekufa pale kwanza."

"Basi si mto."

"Si mto."

Wakatazamana, halafu wote wawili wakalitazama debe lililokuwa limefudikizwa karibu na ukuta, limeoshwa, linang'aa.

"Lina miaka miwili hilo," Athumani akasema.

"Hata mbwa mpole huuma siku moja," Chiku akasema. "Lijaribu."

"Nipe sufuria."

"Ipi?"

"Ile kubwa."

"Sufuria yangu ya ugali? Ya harusi yangu? Uitilie konokono?" Akaingia ndani, akatoka nayo. "Ukimaliza utaiosha wewe, na majivu, na nitakusimamia."

*

Jumanne Athumani hakupeleka maji kwenye tangi. Jitendra alipouliza, alimjibu kwamba anatafuta alichoambiwa atafute. Alikwenda mtoni na debe begani na sufuria mkononi, na wanawake waliokuwa wanafua wakamcheka.

"Baba, leo unawapikia samaki huku huku?"

"Nawapikia wakwe zenu," akawajibu.

Alijaza sufuria palepale alipojazia debe, bila kuyapitisha maji ya kimoja katika kingine. Akaokota konokono kumi na wawili, wa aina moja, kutoka jiwe moja. Sita akawatia huku, sita kule. Akarudi uani, akaviweka kivulini, mbalimbali, na Chiku akakaa kati yake na fimbo ya kufukuzia kuku.

Jumatano asubuhi konokono wa sufuria walikuwa wamepanda mpaka ukingoni, wawili wameshatoka nje na wanaelekea kwenye mchele wa Chiku. Wa debe walikuwa chini, wote sita, hawashiki bati. Athumani alimgusa mmoja kwa kijiti. Hakujikunja.

Alimwaga maji, akaligeuza debe mdomo juani, akaingiza kichwa. Kwenye mikunjo ya bati, pale mshono unapokutana na kitako, kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Aliufikiria kuwa kutu. Haukuwa kutu. Aling'oa kijiti cha kushikia, misumari ikalia, na upande wa chini wa kijiti, pale ambapo jicho halifiki, mti ulikuwa umekunywa rangi. Bluu. Bluu ya kung'aa, inayoelekea kwenye kijani.

Alikuwa ameifagia rangi ile sakafuni mwa stoo ya Jitendra miaka sita.

"Mrututu," akasema.

"Ule wa vidonda?" Chiku akauliza.

"Wa vidonda, na wa kupulizia kahawa."

"Nani kautia?"

Furaha ilikuwa imeshampanda Athumani kichwani, na mtu mwenye furaha hangoji jibu la pili. Alichukua debe na kijiti, akaenda barazani.

*

Jitendra alikuwa anakunywa chai na Kulwant. Kalpana alikuwa anamkatia mama mkwe wake ndizi vipande, maana meno ya Ba yalishapungua. Sebuleni samaki wengine watatu walikuwa wamekufa asubuhi ile, kwa maji ya Jumapili yaliyokuwa bado tangini; walibaki saba.

"Nimekipata, Bwana," Athumani akasema. Alikiweka kijiti mezani, upande wa bluu juu. "Kilikuwa ndani ya debe. Ni mrututu."

Jitendra alikitazama kijiti. Alikwangua kwa ukucha, akanusa. Aliijua dawa ile kuliko mtu yeyote mjini. Ndiye aliyewauzia Wameru wote wa Akeri na Poli.

"Ndiyo, mrututu," akasema taratibu. "Pipa la mrututu liko wapi, Athumani?"

"Stoo, Bwana."

"Nani anafagia stoo?"

"Mimi, Bwana."

"Ufunguo unaning'inia wapi, unajua?"

"Najua, Bwana."

"Debe ni la nani?"

"Ninalitumia mimi."

"Mrututu ulio stoo unayofagia wewe, umeingia debe unalobeba wewe, umeua samaki unaolisha wewe." Jitendra akamgeukia Kulwant. "Nilitaka aniambie ni sumu gani. Ameniambia."

"Sukari," Kulwant akasema, akanywa chai.

Athumani alikuwa amezunguka siku mbili kutafuta kamba, akaipata, akaja kuivaa shingoni mwenyewe. "Wallahi, Bwana, kama ningetia mimi ningekuletea?"

"Wezi wengi wanashika taa wenyewe wakati wa kumtafuta mwizi. Ngojea Ijumaa ya nini? Kalpana, lete kalamu."

"Mrututu," Athumani akasema tena, kwa sauti, kama vile neno lenyewe lingemtetea. "Ni mrututu, Bwana, lakini si mimi. Mrututu haukutoka kwangu!"

Bembea ikasimama.

"Morthuthu?" Ba akauliza.

Wote wakageuka. Katika maneno yote ya ugomvi ule, hilo moja ndilo alilolitambua, kwa sababu lilikuwa lake. Kwao Gujarati ndivyo wanavyoiita dawa ile, na mor ni tausi. Ni rangi ya shingo ya tausi. Lilivuka na wafanyabiashara wa zamani, likaingia Kiswahili, likachubuka kidogo mdomoni, na sasa lilikuwa limemrudia barazani.

"Morthuthu," Ba akasema tena, akamwonyesha mwanawe kipande cha ndizi. "Kela! Kela!" Halafu akamwaga Kigujarati kwa haraka, mkono mmoja ukichota hewa kana kwamba unatoa vitu ndani ya kitu kirefu.

Kalpana aliacha kisu. "Anasema ndizi," akasema, macho kwa mumewe, lakini kwa Kiswahili, na baadaye hakuna aliyejua kwa nini alichagua Kiswahili. "Anasema ndizi hizi zilikuja ndani ya debe. Alizitoa mwenyewe. Chana ya chini kabisa ilikuwa na morthuthu kwenye ganda. Aliiosha."

Jitendra akamwuliza mama yake kitu kwa ukali. Ba akamjibu kwa ukali zaidi.

"Anasema," Kalpana akaendelea, "nani alimwuliza habari za ndizi? Nyinyi mlikuwa mnaulizana habari za samaki."

Kulwant aliweka kikombe chini.

Jitendra alikuwa ameanza kukumbuka, na ilionekana usoni, kama doa linavyopanda kwenye nguo. Ndizi zilitoka kwa Elimringi, mkulima wa Akeri. Jumamosi moja, wiki mbili nyuma, mzee huyo alinunua ratili sita za mrututu na mfuko wa karatasi ukachanika juu ya kaunta. Na yeye Jitendra, kwa sababu wateja walikuwa wengi na hakutaka kutoa mfuko wa pili, alinyoosha kidole mlango wa nyuma, pale debe la samaki lilipokuwa linakauka. "Chukua lile. Utarudisha." Jumatatu yake likarudi. Elimringi aliliosha, maana ni mtu safi. Na kwa kuwa kwao, kama kwa watu wote wa mlima ule, chombo cha mtu hakirudi kitupu, alilijaza ndizi mpaka mdomoni. Nyumba nzima ilisifu ndizi. Hakuna aliyetazama debe.

"Mzee wa Akeri," Jitendra akasema.

"Nani alimpa debe?" Kulwant akauliza.

Jitendra akajimiminia chai.

"Basi," Kulwant akasema, akainuka. "Kuna gari la mtu linaningoja." Alipita mbele ya Athumani akashuka ngazi, na hata sasa hakumwambia neno.

*

"Kazi iendelee," Jitendra akasema. "Tupa debe hilo. Tangi lioshwe lote."

Athumani hakuondoka.

"Nini tena?"

"Barua, Bwana."

"Barua gani? Mambo yamekwisha. Nitaichana."

"Chana niione. Halafu niandikie nyingine."

"Huendi mahali! Nani amekufukuza?"

"Leo unajua kilichowaua, Bwana. Mwakani utasahau. Utakumbuka tu kwamba walikufa, na maji nilikuwa nabeba mimi. Na Bwana Kulwant ameshasikia sumu. Ataisema gereji nzima. Niandikie leo, wakati unajua. Na uandike Kiswahili, niisome mwenyewe."

Jitendra alimtazama mtumishi wake kama mtu anayepimiwa kitu dukani kwake mwenyewe. Akamtazama Kalpana, Kalpana akatazama ndizi. Akamtazama mama yake. Ba alikuwa kwenye bembea, miguu imekanyaga chini, haibembei.

Kalamu ilikuwa imeshaletwa.

Aliandika mistari mitatu na kutia tarehe. Ile ya kwanza akaichana mara mbili, Athumani akaokota vipande vyote, hata kile kilichoanguka chini ya bembea.

Ilibaki kazi ya samaki. Tangi lilitakiwa likwanguliwe, changarawe ichemshwe, na wale saba wakae mahali kwa siku kadhaa. Wakae wapi? Mitungi ya Kalpana haikuwezekana. Beseni la kufulia lilikuwa la sabuni. Chombo cha hakika, kilichojaribiwa na kushinda, kilikuwa kimoja tu. Kwa hiyo sufuria ya ugali ya Chiku ilivuka kizingiti, ikawekwa juu ya meza ya sebule yenye kitambaa cha lesi, na samaki saba wa Nairobi wakazunguka ndani yake siku nne. Wageni wawili walikuja na kunywa chai wakiitazama.

Jumamosi Elimringi akashuka mjini, akaelezwa. Alishika kichwa.

"Niliosha mara tatu! Kwa mchanga!"

"Uliosha, mzee wangu," Athumani akasema. "Mrututu ulijificha chini ya kijiti."

"Basi heshima yangu ndiyo imewaua. Lingerudi tupu, mngechungulia."

"Safari nyingine lirudi tupu."

"Haliwezi," Elimringi akasema, amekasirika kweli. "Labda nisiazime."

*

Sufuria ilirudishwa Jumapili mchana. Hakuileta Kalpana wala Jitendra. Ba mwenyewe alivuka ua kwa fimbo, jambo ambalo hakulifanya miaka sita, akaiweka kizingitini kwa Chiku, akasema neno moja katika yale kumi aliyokuwa nayo, "Haya," akarudi. Ndani kulikuwa na ladu kumi na moja, yale madonge matamu ya Kihindi, zimefunikwa kwa jani la mgomba.

Chiku alizihesabu mara mbili. "Kumi na moja. Ndio idadi ya wale waliokufa?"

"Ndiyo."

"Sijui anatulipa au anatukumbusha." Akajifuta mikono. "Hebu isome tena ile."

Athumani alifungua kopo la biskuti, akatoa karatasi, akasoma polepole, kidole chini ya kila neno:

"Samaki yangu kumi na moja ilikufa kwa mrututu. Mrututu ilitoka duka yangu. Athumani hana kosa, yeye ndiyo alitafuta."

"Haisemi nani aliazimisha debe."

"Haisemi."

"Wala pole haipo."

"Haikuandikwa."

"Na hizi ladu ndizo pole?"

"Ladu ni ladu." Athumani akachukua moja, akaivunja, akampa nusu.

"Kwa hiyo umeshasamehe," Chiku akasema.

"Sijasamehe. Ninakula."

Jumanne ilikuwa siku ya maji. Alipanda mtoni na ndoo mpya ya zinki ambayo mdomoni, kwa msumari, alikuwa ametoboa herufi A.